Shahidi na Aulizwe kwa Lugha Aijuayo: Data, Teknolojia na Mazingira katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii ilimjia akilini mwandishi wa makala haya asubuhi moja ya Jumamosi mtaani Kariobangi, alipokuwa akifanya kibarua cha kukusanya data kuhusu usafi wa mazingira. Alikuwa amekabidhiwa simu iliyotiwa hojaji, na kazi yake ilikuwa kubisha hodi nyumba hadi nyumba, kuuliza maswali na kubonyeza majibu. Hojaji yenyewe ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza. Swali mojawapo liliuliza: "Je, taka ngumu huzolewa mara ngapi kwa wiki katika eneo lako?"

Mama mmoja mzee, muuza sukumawiki, alimtazama mwulizaji kwa huruma. "Kijana wangu," akasema, "taka ngumu ndizo zipi? Ni mawe?" Wakusanyaji walikuwa wameagizwa wasome swali kama lilivyoandikwa wala wasiongeze neno. Mama akafikiri kidogo, kisha akajibu: "Basi hapa kwetu hatuna taka ngumu." Simu ikabonyezwa. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na lundo la maganda ya ndizi, chupa za plastiki na nepi zilizotumika, limefika kimo cha kiuno.

Katika ramani iliyochorwa baadaye, ploti ile ilitiwa rangi ya kijani.

Makala haya yanahusu matumizi ya data na teknolojia katika kuyahifadhi mazingira ya miji, na hasa mitaa ya mashariki ya Nairobi ambayo wengi wetu tunaijua kama Eastlands. Mada hii kwa kawaida huachiwa wahandisi na wataalamu wa tarakilishi. Maoni yetu ni kwamba inatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili kama inavyowahusu wao. Kila data ya mji huanza na swali au jina, na swali na jina ni mali ya lugha. Lugha ikikosewa mwanzoni, hakuna mtambo utakaoisahihisha mwishoni. Ili kuonyesha jambo hili, tutaangalia mifano ya Dandora, njia za matatu na Mukuru, kisha tutazame hewa na mvua, na hatimaye tupendekeze kazi ambayo wanaisimu na wanafasihi wanaweza kuifanya.

Data, takwimu na jiji erevu

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Neno takwimu limezoeleka kumaanisha hesabu zilizokusanywa na kupangwa kwa tarakimu. Data ni dhana pana zaidi. Jina la steji, picha ya mtaro ulioziba, au maelezo ya mkazi kuhusu mahali maji yalipofika usiku wa mafuriko, yote ni data ingawa huenda hayana tarakimu hata moja. Makala haya yanatumia neno data kwa maana hiyo pana.

Istilahi ya pili ni ile ya mji unaotumia data kujiendesha. Wako wanaouita jiji janja na wako wanaouita jiji erevu. Tunapendelea ya pili, kwa kuwa mjanja wa Nairobi ni mtu ambaye ukipishana naye barabarani unashika mfuko wako. Hata hivyo, werevu nao una mipaka yake, kwani Waswahili hunena kwamba mwerevu hajinyoi. Jiji, hata likijazwa mitambo, linahitaji mkono wa wakazi wake.

Utendakazi wa jiji kama hilo unaweza kugawanywa katika hatua nne. Ya kwanza ni kupima: kitambuzi kinahesabu vumbi hewani, au mtu anauliza swali. Ya pili ni kutuma kile kilichopimwa kupitia mitandao ya simu. Ya tatu ni kuchanganua, yaani kukipanga ili kionyeshe mkondo fulani, kwa mfano saa ambazo moshi huzidi. Ya nne ni kutenda: kubadilisha njia ya lori, kuzibua mtaro, kuonya watu. Mijadala mingi huzingatia hatua ya pili na ya tatu kwa sababu ndizo zenye mitambo ya kuvutia, ilhali data ya Eastlands mara nyingi hupotelea katika ya kwanza na ya nne, ambazo zote mbili hutegemea mazungumzo baina ya watu.

Neno moja la Kiswahili limekwisha kuieleza dhana hii duniani. Mwezi Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha programu iliyomwezesha raia kutuma habari za matukio kwa simu au intaneti, nazo zikaonyeshwa kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Programu hiyo ilitumiwa pia nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Jina hilo lina fundisho. Anayetoa data ni shahidi, na mahakama yoyote ya haki hupata mkalimani pale shahidi asipoielewa lugha ya swali.

Kuhesabiwa katika historia ya Eastlands

Kabla ya kuendelea, ni vyema kukumbuka kwamba kukusanya habari za watu si jambo geni Eastlands, wala halikuanza kwa wema. Mitaa kama Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati na Makongeni ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, mbali na vitongoji vya Wazungu na jirani na reli na viwanda. Sheria ya usajili ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi yake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mwezi Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji, yakawachuja wakazi na kuwapeleka maelfu kizuizini.

Kipande kilikuwa data. Kilimpima mtu kwa manufaa ya mwingine, kwa lugha ambayo aliyekibeba mara nyingi hakuweza kuisoma. Hivyo basi, mkazi wa leo anapomwona kijana mwenye simu na kitambulisho akiuliza idadi ya watu chumbani, kusita kwake si ujinga. Ni kumbukumbu ya mtaa, na miaka ya baadaye ya ubomoaji wa nyumba haikuifuta.

Dandora: ushahidi uliosikika ukaachwa

Mfano wetu wa kwanza ni jaa la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Liko kando ya Mto Nairobi, na kwa jirani zake wa Korogocho na Kariobangi moshi wake ni sehemu ya hali ya anga. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, papa hapa Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa udongo na wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa hilo. Nusu ya watoto hao walikuwa na madini ya risasi damuni ya kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, kiwango ambacho wakati huo kilichukuliwa kuwa mpaka wa hatari. Tangu hapo wataalamu wameushusha mpaka huo. Nchini Marekani, kipimo cha kumtilia mtoto shaka kimekuwa mikrogramu 3.5 tangu 2021. Kwa maneno mengine, habari za 2007 zilikuwa mbaya kuliko zilivyosomwa.

Ushahidi ulikuwapo, tena wa maabara. Mwaka 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza hatua za kulihamisha jaa hilo zichukuliwe katika muda wa miezi 6. Pamoja na hayo, malori yangali yanamwaga taka Dandora. Si haki kudai kwamba lugha pekee ndiyo kikwazo. Ziko siasa za ardhi, kuna biashara kubwa ya taka, na kuna maelfu ya watu wanaochakura mle riziki zao, ambao jaa likifungwa bila mpango watalala njaa. Hata hivyo, tunaweza kuuliza: mzazi wa Korogocho angeidai haki yake kwa maneno gani? Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza na kipimo chake ni mikrogramu kwa desilita. Kwa Kiswahili cha kawaida, habari ile ingesema kwamba risasi ni sumu inayoingia mwilini kwa vumbi na moshi, kwamba huudhuru ubongo wa mtoto asome kwa taabu, na kwamba katika kila watoto wawili waliopimwa, mmoja alikuwa nayo kupita mpaka. Sentensi hiyo haihitaji shahada, na mwenye kuisikia hupata la kusema barazani.

Matatu: majina yaliyogeuka ramani

Mfano wa pili una matumaini zaidi. Matatu ndizo uti wa mgongo wa usafiri wa Nairobi, lakini kwa miongo mingi maarifa kuhusu njia zake yaliishi vichwani mwa madereva, makanga na abiria tu. Kuanzia mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, pamoja na kampuni ndogo iitwayo Groupshot, katika mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi wa Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu zenye uwezo wa kutambua mahali zilipo kwa setilaiti. Kila gari liliposimama, walirekodi mahali na jina la kituo. Kazi hiyo ilizaa data ya njia zaidi ya 130 na vituo karibu 3,000. Ramani yake ilitolewa kwa umma mwezi Januari 2014, na mwaka 2015 data hiyo ikaingizwa katika ramani za Google.

Ugumu wa kazi hiyo unastahili kuzingatiwa. Muundo wa kimataifa wa kuhifadhi data ya usafiri ulibuniwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya mabasi yenye ratiba, yaani basi fulani hufika kituo fulani saa fulani. Matatu haina ratiba ya namna hiyo. Huondoka ikijaa, na njia hubadilika kwa msongamano au mvua. Watafiti hawakuwaambia watu wa Nairobi wageuze maisha yao yalingane na muundo. Waliupanua muundo ulingane na maisha ya Nairobi.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuvutia zaidi ni majina. Vituo vingi vya Eastlands havina kibao chochote. Hakuna aliyekaa ofisini akaviita Mutindwa, Hamza au Masimba. Majina hayo yalitungwa vinywani, yakakubaliwa kwa matumizi, na ndiyo yaliyoandikwa. Fikiria pia steji ya Taj, kwenye Barabara ya Outer Ring. Jengo la maduka lililoipa jina hilo lilibadilishwa jina likaitwa Airgate, kisha likabomolewa mwezi Septemba 2018. Abiria bado humwambia makanga, "Nishukishe Taj." Mradi ungaliandika majina ya ofisini pekee, abiria wa 33 ya Embakasi au 58 ya Buru Buru asingeijua ramani ya mtaa wake mwenyewe.

Yote haya yanahusiana vipi na mazingira? Abiria waliojaa katika matatu moja huchoma mafuta kidogo kwa kila kichwa kuliko iwapo kila mmoja angeendesha gari lake. Mji usiojua njia za matatu zake hupanga barabara kwa ajili ya magari ya watu binafsi, na matokeo yake ni moshi zaidi. Mji unaozijua huweza kuona steji ipi imeelemewa, mtaa upi umesahaulika, na njia ipi ina urefu unaofaa basi la umeme. Hoja hii ya mwisho imekuwa na uzito zaidi tangu 2022, mabasi ya umeme ya BasiGo yalipoanza kubeba abiria jijini. Betri ina kikomo cha kilomita, na mwenye kuliendesha hana budi kujua kwa hakika kila safari ina kilomita ngapi na litasimama wapi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kila njia inayohamia kwenye umeme inapunguza moshi wa dizeli.

Mukuru: jirani ndiye mwulizaji

Mfano wa tatu ni Mukuru, mtaa wa mabanda ulio kando ya eneo la viwanda, unaojumuisha Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mwezi Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliutangaza kuwa eneo maalum la upangaji. Tangazo hilo lilitanguliwa na miaka ya utafiti uliofanywa na Muungano wa Wanavijiji, shirika la SDI-Kenya, Akiba Mashinani Trust na vyuo vikuu. Utafiti huo ulibainisha jambo ambalo wakazi walilijua siku nyingi lakini hawakuwa na hesabu ya kulithibitisha: kwamba maskini wa Mukuru alilipia maji na umeme bei ya juu kuliko mkazi wa mtaa rasmi, tena kwa huduma duni.

Mtaa huo una takriban jamaa 100,000. Ili sauti zao zisikike katika upangaji, wakazi walipangwa katika vikundi vidogo vya majirani, jamaa 10 hivi kwa kila kikundi, na wawakilishi wao wakapeleka maoni ngazi kwa ngazi. Walioshiriki kupima vichochoro na kuhesabu vyoo walikuwemo wakazi wenyewe. Tofauti yake na ule utafiti wa Kariobangi ni dhahiri. Mwulizaji aliye jirani hahitaji kusoma "taka ngumu" kutoka kwenye kioo cha simu. Anajua takataka hutupwa wapi, anajua kichochoro kina jina gani, na akipewa jibu lisilo la kweli humcheka aliyelitoa, wote wakacheka, kisha ukweli ukasemwa.

Matokeo yalionekana. Kati ya 2020 na 2022, idara ya Nairobi Metropolitan Services, iliyokuwa ikiendesha baadhi ya huduma za jiji kwa muda, ilijenga barabara na hospitali katika Mukuru, na mabomba ya majitaka yakaanza kufika mahali ambapo kina mama walikuwa wakimwaga maji machafu mlangoni. Mabomba hayo ni membamba na hayachimbiwi kina kirefu, ili yapite katika vichochoro bila kubomoa nyumba nyingi. Bila kujua upana wa kila kichochoro, mpango huo usingewezekana.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba data ni kinga ya kila kitu. Mwishoni mwa 2021, nyumba za maelfu ya wakazi zilibomolewa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, ingawa mtaa huo ulikuwa umehesabiwa na kuchorwa kuliko mingi mingine. Data humpa mkazi hoja, lakini haimpi nguvu ya kumlazimisha mwenye mamlaka aisikilize.

Hewa na mvua: kutafsiri vipimo

Tugeukie sasa vitambuzi vyenyewe. Kitambuzi cha hewa cha bei nafuu ni kisanduku kidogo chenye feni, miale ya leza na jicho la kielektroniki. Feni huvuta hewa, chembechembe zikipita huutawanya mwanga, na jicho huuhesabu mwanga uliotawanyika. Chembechembe zinazoogopwa zaidi zina kipenyo cha mikromita 2.5 au chini, ndogo mara 20 hadi 30 kuliko upana wa unywele, kwa hiyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Unyevu wa hewa huweza kukihadaa kitambuzi, hivyo ni lazima kilinganishwe mara kwa mara na mtambo mkubwa wa kuaminika. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kupitia mradi wa AirQo ulioanzishwa mwaka 2015, kimeunda vitambuzi vinavyostahimili vumbi na joto letu, na baadhi vimefungwa kwenye bodaboda ili vipime hewa ya barabarani.

Kitambuzi hutoa namba. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba chembechembe hizo zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Tuseme namba ya jioni moja Dandora ni 60. Mtu anaweza kuandika hivi: "Kiwango cha chembechembe kimezidi kiwango kinachopendekezwa." Sarufi haina kosa, lakini msomaji hajaambiwa afanye nini. Mwingine angeandika: "Leo jioni moshi ni mwingi kuliko kawaida. Mwenye pumu asitembee bila dawa yake. Watoto wachezee ndani, na madirisha yanayotazama jaa yafungwe." Namba ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba ya pili imeandikwa na mtu aliyemfikiria msomaji.

Mvua ni mfano mwingine. Wakati wa masika ya 2024, hasa mwezi Aprili, Mto Mathare na Mto Ngong ilifurika, watu wakafa na maelfu wakapoteza makao Mathare na Mukuru. Utabiri wa hali ya hewa hutaja milimita. Lakini milimita 50 ni kitu gani kwa mtu wa Mathare? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ndicho kipimo cha nyumba nyingi za Eastlands, kina paa la mita za mraba 9.3 hivi. Milimita 50 juu ya paa hilo ni lita 465, yaani mitungi 23 ya lita 20. Kila mabati ya jirani yanamwaga mitungi 23, na mtaro wa kuipokea yote ni mmoja, nao umezibwa na takataka ambazo hojaji ilisema hazipo. Mkazi akielezwa kwa mitungi, hataambiwa tena kwamba ni lazima ahamishe watoto na vitu vyake mapema. Atajiambia mwenyewe.

Kazi yetu sisi wa Kiswahili

Kutokana na mifano hii, tunapendekeza mambo manne kwa wanachama wa chama chetu.

Kwanza, hojaji za mazingira zijaribiwe na watu wa lugha kabla ya kupelekwa nyanjani. Kutafsiri kwa kuangalia kamusi hakutoshi. Mfasiri aketi na wakazi watano au sita, awasomee swali, kisha awaulize wao wameelewa nini. "Taka ngumu" ingalianguka katika jaribio hilo kwa dakika moja, na mahali pake pangaliandikwa "takataka" tu. Hapa patazuka suala la Sheng, ambayo wengi huiona Eastlands kuwa kitovu chake. Msimamo wetu ni kwamba hojaji si mtihani wa sarufi. Kiswahili sanifu kinachoeleweka kitumike, na pale ambapo neno la mtaa ndilo pekee linaloeleweka, mwulizaji aruhusiwe kulitaja.

Pili, istilahi za mazingira zikusanywe kutoka chini. Watu wa Korogocho wanaotenganisha taka wana majina ya kila aina ya plastiki na chuma, na wanaotembeza maji kwa mikokoteni wana majina ya kila hali ya mfereji. Tasnifu nzuri ya uzamili inaweza kuandikwa kuhusu majina ya steji za Jogoo Road peke yake, nayo itamfaa mpangaji wa usafiri kama itakavyomfaa mwanaisimu.

Tatu, matokeo yarejeshwe kwa waliohojiwa. Ni desturi mbaya ya utafiti kuchukua maneno ya watu na kuondoka nayo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, ukisomwa barazani, kanisani, msikitini au redioni, ni deni tunaloweza kulilipa kwa gharama ndogo.

Nne, tulinde ridhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka mtu aelezwe data yake inakusanywa kwa madhumuni gani. Maelezo hayo yakisomwa haraka kwa lugha nzito, mhojiwa ataitikia kwa adabu tu. Ridhaa isiyoeleweka haiko mbali sana na kile kipande cha shingoni.

Hitimisho

Makala haya hayapingi teknolojia. Bila simu za wanafunzi wale, njia za matatu zingekuwa bado hazijachorwa, na bila vipimo vya maabara, sumu iliyo damuni mwa watoto wa Dandora ingebaki tetesi. Tulichosisitiza ni kwamba mitambo hii hupokea inachopewa, na kinachopewa hutegemea jinsi tulivyouliza.

Wiki chache baada ya kibarua kile kuisha, mwandishi alipita tena Kariobangi, safari hii bila simu ya hojaji, akanunua sukumawiki kwa yule mama. Akamuuliza: "Mama, hizi takataka za hapa huja kuzolewa lini?" Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema lori huja siku ya Jumanne, lakini wiki tatu sasa halijaonekana. Vijana wa mkokoteni huja Jumapili, nao hutoza kwa kila mfuko, na asiye na pesa hutupa mtaroni usiku. Mtaro huziba pale kwenye kona, si hapa, na mvua ikinyesha maji hurudi nyuma hadi mlango wa tatu. Alionyesha kwa kidole alama ya tope ukutani.

Alikuwa ametaja siku, bei, sababu, mahali na kimo cha maji, mambo ambayo mpangaji yeyote wa mji angeyalipia fedha nyingi. Mwandishi hakuwa na mahali pa kuyabonyeza. Hojaji ilikuwa imefungwa, na ramani ilikuwa imekwisha kuchapishwa.